Programu yangu inapata namba zilizomo, lakini nikitafuta isiyokuwemo inakwama. Nifanyeje?

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na ndiyo kwanza ninajifunza kuandika programu. Tumepewa kazi ya kuandika funksheni inayotafuta namba ndani ya orodha iliyokwisha kupangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kwa njia ya kugawa nusu kwa nusu. Namba ikipatikana irudishe nafasi yake, isipokuwemo irudishe -1. Nimeandika hivi kwa lugha ya Python:

```
def tafuta(orodha, lengo):
    chini = 0
    juu = len(orodha)
    while chini <= juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        if orodha[kati] == lengo:
            return kati
        elif orodha[kati] < lengo:
            chini = kati
        else:
            juu = kati
    return -1
```

Nimeijaribu kwa orodha ya [3, 8, 12, 17, 25, 31, 40] na inapata namba zote saba. Lakini nikitafuta isiyokuwemo, kama 1, 20 au 50, inakaa tu, haijibu wala haileti kosa. Nikabadilisha `<=` ikawa `<`. Hapo 1 ikajibu -1 vizuri, ila 20 na 50 zikakwama vilevile, nikarudisha kama mwanzo. Nikaweka `chini = kati + 1`. 1 na 20 zikakwama, na 50 ikaleta IndexError, yaani kosa la kuuliza nafasi isiyokuwepo kwenye orodha, nikarudisha tena. Leo ni siku ya nne na tunakusanya baada ya siku tatu. Mwenzangu amenitumia ya kwake inayokubali, lakini nikiisoma sielewi kwa nini yake inakubali na yangu inakataa. Naanza kuamini kichwa changu hakikuumbwa kwa kazi hii. Naomba unisahihishie.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na karatasi na kalamu mkononi. Nakuambia jambo moja mapema ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia: jibu umeshaligusa. Programu hii inahitaji mabadiliko mawili tu, na yote mawili yamo ndani ya barua yako. Uliyafanya kwa mkono wako. Ila uliyafanya moja moja, na la kwanza ukaliondoa kabla ya kuweka la pili.

Kwa hiyo sioni kasoro ya kichwa hapa. Ninachokiona ni namna ya kusaka kosa: unabadilisha alama, unaendesha programu, unatazama kama imekubali, haikukubali unarudisha. Njia hii wanaoanza karibu wote huipitia, na ina udhaifu mkubwa. Programu ikiwa na makosa mawili yanayoshikana, ukirekebisha moja peke yake dalili hazitoweki, zinahama. Ulipoweka `<`, namba 1 ilipona na 20 ikabaki mgonjwa. Ulipoweka `kati + 1`, namba 50 iliacha kukwama ikaleta kosa la aina nyingine kabisa. Mtu akiona dalili mpya hudhani ameharibu, kumbe nusu ya kazi ameshaimaliza. Ili ujue badiliko limekusogeza au limekurudisha nyuma, unahitaji kipimo ambacho si majibu ya skrini peke yake. Kipimo hicho ndicho ninachotaka uondoke nacho leo, kwa sababu zoezi hili litapita na mengine yatakuja.

Tuanze kwa kazi ambayo nadhani hukuifanya, ya kukaa kwenye nafasi ya kompyuta. Zima skrini ukiweza. Chukua karatasi, chora safu tano, na utafute 20 kwa programu yako ya mwanzo, bila kubadilisha chochote. Orodha ina vitu saba, nafasi 0 hadi 6, na `len(orodha)`, yaani idadi ya vitu, ni 7.

```
mzunguko   chini   juu   kati   orodha[kati]
   1         0      7     3         17
   2         3      7     5         31
   3         3      5     4         25
   4         3      4     3         17
   5         3      4     3         17
```

Tazama mstari wa nne na wa tano. Ukiacha namba ya mzunguko, haitofautiani hata tarakimu moja. Kompyuta haikumbuki kwamba imeshapita hapa. Inachokijua ni thamani zilizomo kwenye `chini` na `juu` kwa wakati ule. Ikikuta hali ileile itafanya jambo lilelile, na mzunguko wa sita utakuwa kama wa tano, na wa milioni utakuwa kama wa sita. Ndiyo maana haileti kosa. Kwa upande wake hakuna kosa, inatii maagizo.

Sasa uliza: kwa nini haikusogea? `chini` ni 3, `juu` ni 4. Jumla ni 7, ukigawa kwa 2 kwa alama ya `//` masalio yanatupwa na unapata 3. Kwa hiyo `kati` imekuwa sawasawa na `chini`. Kisha programu inaona 17 ni ndogo kuliko 20, inakwenda kwenye tawi la `chini = kati`, yaani 3 inapewa 3. Hilo si jambo la 20 peke yake. Kila `juu` inapozidi `chini` kwa moja, `kati` huangukia palepale kwenye `chini`, na mstari huo unakuwa agizo la kutofanya kitu. Fanya jedwali kama hili kwa 50 uone: utakwama kwenye 6 na 7.

Kuna watu watakuambia karatasi ni ya kizamani, weka tu `print(chini, juu, kati)` ndani ya mzunguko usome skrini. Hiyo nayo ni nzuri na mimi huitumia kila wiki, na programu ikikwama unaikatisha kwa Ctrl na C. Lakini mara ya kwanza fanya kwa mkono. Skrini itakuonyesha mistari mia inayofanana kwa kufumba na kufumbua, na jicho litaruka ile hatua moja ambayo `chini` ilikataa kusogea. Mkono unaoandika 3 juu ya 3 unaisikia hatua hiyo.

Tukifika hapa tunajua programu inakwama wapi, lakini bado hatujajua irekebishwe vipi. Ungeweza kusema, haya, basi niweke `kati + 1`. Uliweka, na haikutosha. Kwa hiyo tusiguse alama yoyote mpaka tujibu swali hili: `juu` maana yake nini?

Sikuulizi ina thamani gani. Nauliza ina maana gani. Andika kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida. Nina wasiwasi utashindwa, au utaandika sentensi ambayo baadhi ya mistari yako inaikubali na mingine inaikana. Nikikutazamia programu yako, mstari wa `juu = len(orodha)` unasema `juu` ni nafasi ya kwanza iliyo *nje* ya sehemu tunayoitafuta, maana orodha yako haina nafasi ya 7. Lakini mstari wa `while chini <= juu` unasema hata pale `chini` na `juu` zinapolingana bado kuna kitu cha kukagua, yaani `juu` ni nafasi ya mwisho iliyo *ndani*. Mistari miwili jirani, maana mbili. Huenda ulisoma maelezo mahali pawili tofauti, kila mahali pakiwa sahihi kivyake, ukachukua kichwa cha huku na kiwiliwili cha kule. Hutokea sana katika kazi hii hasa, kwa sababu kuna njia mbili halali za kuiandika na zinafanana mno kwa sura.

Basi tuchague maana moja, tuiandike juu ya karatasi, na kila mstari tuuhukumu kwa maana hiyo. Mimi nachagua ile ya kwanza, kwa sababu nusu ya programu yako tayari inaizungumza:

*`chini` ni nafasi ya kwanza ambayo lengo bado linaweza kuwepo. `juu` ni nafasi ya kwanza baada ya eneo hilo.*

Kwa maneno mengine, zinazoshukiwa ni nafasi kuanzia `chini` hadi moja kabla ya `juu`, na idadi yake ni `juu` kutoa `chini`. Sasa twende mstari kwa mstari.

Mwanzo, nafasi zote zinashukiwa. Ya kwanza ni 0, na ya kwanza iliyo nje ni `len(orodha)`. Mistari yako miwili ya juu ni sahihi, iache.

Mzunguko uendelee mpaka lini? Mpaka wanaoshukiwa waishe. Idadi yao ni `juu` kutoa `chini`, kwa hiyo tunaendelea maadamu tofauti hiyo ni kubwa kuliko sifuri, yaani maadamu `chini < juu`. Zikilingana hakuna aliyebaki. Alama ya `<` uliyoiweka siku ile haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa sahihi kwa maana hii, ila hukuwa na sababu ya kuishikilia.

Kama `orodha[kati]` ni ndogo kuliko lengo, na orodha imepangwa, basi `kati` yenyewe na vyote vilivyo kushoto kwake vimeondolewa shaka. Nafasi ya kwanza inayoshukiwa sasa ni ipi? Haiwezi kuwa `kati`, kwa sababu hiyo tumeitazama kwa macho na tumeikataa. Ni inayofuata, `kati + 1`. Hili ndilo badiliko lako la pili.

Kama `orodha[kati]` ni kubwa kuliko lengo, `kati` na vyote vya kulia vimetoka. Nafasi ya kwanza iliyo nje ni ipi? Ni `kati` yenyewe. Kwa hiyo `juu = kati`, bila kutoa moja, kama ulivyoandika.

Hapa wanafunzi wengi husimama na kuuliza: mbona upande mmoja una `+ 1` na mwingine hauna kitu? Wengine huweka `- 1` upande wa pili kwa ajili ya ulinganifu, kisha programu inaanza kukosa namba zilizomo. Jibu ni lile lile tuliloandika juu ya karatasi: `chini` na `juu` hazina maana zinazolingana. Moja inasimama ndani ya eneo, nyingine inasimama nje ya mlango. Ukiwa umeshika maana, kutolingana kwa mistari hakukushtui.

Weka mabadiliko yote mawili kwa pamoja, kisha tafuta 20 kwenye karatasi upya: 0 na 7, halafu 4 na 7, halafu 4 na 5, halafu 4 na 4, na hapo mzunguko unafungwa na -1 inarudi. Fanya 1. Fanya 50, ambayo itaishia 7 na 7 bila kuigusa nafasi ya 7 isiyokuwepo, kwa hiyo ile IndexError haina tena mahali pa kutokea.

Sasa kile kipimo nilichokuahidi. Programu ya mzunguko inatoa ahadi mbili, na unapaswa kuziangalia kila moja peke yake. Ahadi ya kwanza: kama lengo limo kwenye orodha, basi kila mzunguko unapoanza limo kati ya `chini` na `juu`, hatujalitupa kwa bahati mbaya. Ahadi ya pili: kila mzunguko unaondoa angalau nafasi moja, kwa hiyo ipo siku zitaisha. Programu yako ya mwanzo iliitunza ahadi ya kwanza kikamilifu, na ndiyo maana namba zote saba zilipatikana. Ahadi ya pili ndiyo iliyovunjika. Hebu ona tofauti: badala ya kusema "programu yangu haifanyi kazi", unaweza kusema "programu yangu haipotezi lengo, ila eneo halipungui". Mwenye kusema sentensi ya pili yuko hatua moja kutoka kwenye suluhisho, hata kama bado hajaandika alama yoyote.

Kwa programu iliyorekebishwa, ahadi ya pili unaweza kuithibitisha kwa mistari miwili ya hesabu. Maadamu `chini < juu`, `kati` haiwezi kufika `juu`, kwa sababu tunagawa kwa kutupa masalio, wala haiwezi kushuka chini ya `chini`. Kwa hiyo `juu = kati` lazima iishushe `juu`, na `chini = kati + 1` lazima iipandishe `chini`. Hakuna tawi linaloacha mambo yalivyokuwa. Na kwa kuwa kila mara eneo linakatwa nusu, orodha ya vitu 1,000 haiwezi kuzidi mizunguko 10, ya vitu 1,000,000 haizidi 20, na ya bilioni moja haizidi 30. Orodha yako ya saba haizidi mitatu. Ukiona mzunguko wa nne kwenye orodha hiyo, simama hapo hapo. Hakuna haja ya kusubiri uone kama itamaliza.

Nirudi kwenye hili la kichwa, maana sikutaka kulipita haraka. Njia hii ya kugawa nusu ilielezwa hadharani na John Mauchly, mmoja wa waliounda kompyuta za mwanzo, mwaka 1946. Wazo lake linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufungua kamusi katikati. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka 10 kabla ya kuchapishwa maelezo yaliyokuwa sahihi kwa orodha za ukubwa wowote. Baadaye mtaalamu wa kompyuta Jon Bentley aliwapa zoezi hilihili watu wanaolipwa kwa kuandika programu, akawapa muda wa kutosha, na sehemu kubwa mno ya kazi alizopokea zilikuwa na makosa. Halafu mwaka 2006 Joshua Bloch akaeleza kwamba funksheni ya aina hii iliyokuwa ndani ya maktaba rasmi (mkusanyiko wa funksheni zilizo tayari) ya lugha ya Java, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika, ilikuwa na kosa lililokaa humo kwa miaka kama tisa. Kosa lilikuwa kwenye mstari ambao wewe na mimi tumeupita bila kuutilia shaka: `(chini + juu)`. Namba nzima ya aina ya kawaida katika Java haizidi 2,147,483,647, na orodha ikiwa kubwa sana jumla hiyo inavuka kikomo na kugeuka hasi. Dawa, kwa Java, ni kuandika `chini + (juu - chini) / 2` (huko `/` kwa namba nzima hutupa masalio). Kwenye Python namba nzima hazina kikomo hicho, kwa hiyo mstari wako ni salama, lakini siku utakapohamia lugha nyingine ukumbuke.

Sikuelezi haya ili nikufariji kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba zoezi hili lina sura ndogo na shimo refu, na waliolichimba kabla yako walitumbukia humo wakiwa na uzoefu mkubwa kuliko wako na wangu. Siku nne si nyingi. Kilichokuumiza ni kwamba siku zote nne ulikuwa peke yako na ile skrini.

Na kuhusu ile maana ya `juu` kama nafasi iliyo nje: Python yenyewe imejengwa hivyo. `range(2, 5)` inakupa 2, 3 na 4. `orodha[2:5]` vivyo hivyo. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika kurasa chache mwaka 1982 akitetea mtindo huu, na moja ya hoja zake ni hii uliyoiona: idadi inapatikana kwa kutoa tu, bila kuongeza wala kupunguza moja. Ukiuzoea hapa, utakutana nao kila mahali.

Sasa majaribio, kwa sababu hapa napo kuna somo. Ulijaribu namba saba zilizomo na zote zikakubali, na naamini hapo ulipumua. Lakini majaribio hayo saba yalikuwa ya aina moja, yote yakiuliza swali lilelile kuhusu ahadi ya kwanza. Kabla ya kukusanya, ipe programu yako orodha tupu, maana ile ya mwanzo ingeanguka kwa IndexError hapo hapo. Ipe orodha ya kitu kimoja, mara kikiwa ndicho unachotafuta na mara kikiwa sicho. Kisha tafuta namba ndogo kuliko zote, kubwa kuliko zote, na zile zinazoangukia katikati ya jirani wawili. Ukichoka kuandika moja moja, iachie kompyuta:

```
for n in range(0, 9):
    orodha = [10 * k for k in range(n)]
    for lengo in range(-5, 10 * n + 5):
        jibu = tafuta(orodha, lengo)
        if lengo in orodha:
            assert jibu == orodha.index(lengo)
        else:
            assert jibu == -1
```

Hayo ni majaribio 450 kwa kufumba jicho, na mengi yake ni ya namba zisizokuwemo, zile zilizokukwamisha. `assert` husimamisha programu kwa kosa pale jibu lisipolingana, kwa hiyo ikimaliza kimya, imepita. Nimelinganisha na njia ya polepole, ya kupekua moja baada ya nyingine, kwa sababu njia hiyo ni vigumu kuikosea. Na angalia mtego mmoja wa Python: -1 ni nafasi halali, maana yake kitu cha mwisho. Atakayeitumia funksheni yako akisahau kukagua jibu, ataandika `orodha[tafuta(orodha, 20)]` na kupewa 40 bila onyo lolote. Kazi yenu imesema irudishwe -1, basi rudisha -1, lakini andika maelezo ya mstari mmoja juu ya funksheni kumtahadharisha msomaji.

Jambo jingine dogo: funksheni hii inaamini orodha imepangwa. Ikipewa isiyopangwa haitalalamika, inaweza kujibu uongo kwa utulivu. Hilo si kosa lako, ni sharti la kazi, na nalo liandike.

Ile ya mwenzako usiikusanye, hata ukibadilisha majina. Najua siku tatu zinakubana, na najua amekutumia kwa moyo mzuri. Lakini mhadhiri wako akikuuliza kwa nini mstari fulani una `+ 1`, utakuwa na programu inayokubali na huna neno la kusema, na hisia ile ya kutofaa itarudi ikiwa na nguvu zaidi. Onyo hilohilo nalitoa kwa programu za akili unde zinazoandika msimbo kwa sekunde mbili. Iweke kando mpaka yako ipite majaribio yote. Kisha ifungue na uiulize swali moja: huyu kampa `juu` maana gani? Nadhani utaisoma tofauti na ulivyoisoma juzi, na pengine wewe ndiye utakayemweleza mwenyewe alichokiandika.

Siku nyingine ukikwama, usisubiri siku ya nne. Jipe saa moja ya kubadilisha-badilisha ukipenda, halafu chukua karatasi. Karatasi ikishindwa, nenda kwa mhadhiri au kwa mwenzako ukiwa na mambo matatu: ulichotegemea, ulichopata, na mstari wa jedwali ambao hapo umeacha kuelewa. Barua yako kwangu ilikuwa na mawili ya kwanza, tena kwa ufasaha. Ulinitajia orodha, ukanitajia namba, ukanieleza kila badiliko lilizaa nini. Ndiyo maana nimeweza kukujibu bila kuigusa kompyuta yako. Mtu anayeandika swali hivyo ana kichwa cha kazi hii.

Nimekuachia kitu kimoja cha kufanya, nacho ukifanye baada ya kukusanya ili kisikuchanganye sasa. Andika funksheni ileile upya ukichagua maana ya pili: `juu` ni nafasi ya mwisho ambayo lengo bado linaweza kuwepo. Anza na sentensi juu ya karatasi, kisha pitia mstari kwa mstari kama tulivyofanya. Mistari miwili kati ya ile inayotaja `chini`, `juu` na alama ya `while` itabadilika kutoka hii uliyorekebisha, na mmoja mwingine utakurudia kama ulivyokuwa mwanzo kabisa. Itafute mwenyewe, iendeshe kwa yale majaribio 450, na usipoelewa nitumie jedwali lako.